Kwa Baba, Mlinzi wa Ukuta wa Mvita

Baba,

Nakuandikia kutoka New Hope, theluji imefika dirishani, wala sina salamu ndefu. Kaka Athmani amenipigia simu. Figo zako zimechoka, nawe unataka kuja Minnesota uuguzwe na mwanao.

Nakumbuka ulivyonishika mkono tukizunguka Mji wa Kale, ukinionyesha ukuta usiokuwepo tena. Ulinisimulia Mwana Mkisi aliyeanzisha mji, kisha Shehe Mvita, nyumba za udongo zikageuka za mawe, na walinzi waliokesha kivukoni Makupa kuwazuia watu wa bara. Hukuwa na mali, lakini ulijiona una miaka elfu mfukoni. Nilikupenda sana siku hizo, na inaniuma kuliandika.

"Baharini twapokea wageni," ulikuwa ukisema. "Bara ndiko twajilinda."

Nilidhani ni historia tu, mpaka nilipomleta Bahati.

Mume wangu, mkimbizi wa Bukavu, alikuja ameshasilimu, na zawadi mikono miwili. Ukamweka barazani juma zima. Kahawa barazani, chakula barazani, na usiku ukampeleka gesti. Watalii Wajerumani uliokuwa ukiwatembeza mjini waliingia mpaka jikoni wakapiga picha sufuria za Mama. Nilipokuuliza, hata sauti hukushusha: "Mtu wa bara haingii nyumba hii. Babu zetu hawakujenga ukuta kwa mchezo."

Bahati alisikia. Akaniambia, "Haina neno, nitabakia hapa inje tu."

Basi nami nikwambie la babu zetu, Baba. Nimesoma huku. Mji ule haukushushwa na jahazi lolote kutoka ng'ambo. Waliouanzisha ni wakulima na wavuvi wa pwani ile ile, jamaa wa hao hao wa bara, na ukuta ulikuja baadaye sana. Wewe ni mtu wa bara aliyesahau kwao. Nimetaka ulijue ungali hai.

Bahati ameondoa vitu chumba cha chini upate pa kulala, amenunua hita, amebadilisha shifti ili akupeleke kusafishwa damu. "Ni muzazi," anasema, kisha anapiga pasi mashuka. Amenisihi nikuandikie nikukaribishe.

Nimemwambia naandika. Hajui ninachoandika.

Usije. Nami nitamwambia wewe ndiye uliyekataa. Ataamini mara moja, Baba, wala hatauliza kwa nini.

Mungu akupunguzie maumivu, mimi siwezi.

Bintiyo