Betri ya Sikio la Mama

Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale

Kwako dada yangu mpendwa Mukamazimpaka,

Amani ya Bwana ikufikie huko Uvira, wewe na shemeji na watoto. Je, homa ya mtoto wenu mdogo imepoa? Sisi tuko wazima wa mwili, na maharage yametoa maua. Barua hii anakuletea jirani yetu Thaddée, kwa maana sikutaka uyasikie haya kwa simu ukiwa sokoni.

Unakumbuka kile chombo cha kusikilizia ambacho wamisionari walimpa mama, kisanduku cha kuvaa kifuani chenye waya mpaka sikioni. Kilinyamaza tangu tulipokimbia vita. Betri yake, ile nene kama kifungo cha koti, niliitafuta mpaka maduka ya Misiera bila kuipata. Mwezi uliopita nilikipeleka Mbarara kwa Edirisa, fundi saa wa mtaa wa Ruti. Akasema betri za namna hiyo zilikuwa na zebaki, hazitengenezwi tena. Lakini hakuniacha niondoke hivi hivi. Alichukua betri ndogo ya saa, akaizungushia mpira wa baiskeli ili isichezecheze, kisha akakunja karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuziba nafasi iliyobaki. Alinionya kwamba itakwisha upesi, akanifundisha kuibadilisha.

Dada, laiti ungemuona mama. Alianza kwa kumsikia kuku akikwaruza mlangoni, akacheka. Jumapili aliimba na kwaya, nyuma kidogo ya wenzake, machozi yakimtoka. Mimi nilijivuna sana.

Jambo moja sikulifikiri. Watu wa hapa wamezoea kusema chochote mbele yake. Kwenye bomba la maji, mama akichota, jirani Mariette alimweleza mgeni wake kwamba mama huyu bado anamwombea mwanawe Yonatani arudi, kumbe watoto wake wamemficha kwamba alikufa. Mariette hakuwa na ubaya. Alidhani anasema mbele ya kiziwi.

Mama aliacha kidumu palepale, akaja nyumbani, akakaa karibu yangu. Akauliza, "Yonatani mulimuzika fasi gani?"

Nikamwambia kwamba ni wewe uliyemzika, na kwamba uliomba tunyamaze kwa sababu mama mwenyewe alikuwa mgonjwa sana wakati ule. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi aniambie yeye mwenye alimuona."

Tangu siku hiyo hataki kuvua kile chombo hata akilala, anaogopa simu yako isimpite.

Kwa hiyo nitakupigia Jumapili baada ya ibada, na simu nitaiweka kwenye kile kisanduku kifuani pake. Usianze kwa kunisalimu mimi. Mwambie kaburi liko wapi, nani aliomba, mlimfunika kwa nguo gani. Sema polepole. Na ukilia, lia tu, atakusikia.

Mke wangu Ikirezi anawasalimu nyote kwa upendo. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana.

Ndugu yako,
Eliezeri