Kaka Anataka Niseme Korido Inatosha

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa aibu, naomba unielekeze kabla ya mkutano wa Jumanne. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika mji mdogo hapa Oklahoma, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mwezi Aprili king'ora kililia saa nane mchana, tukawatoa watoto wakachutama koridoni, vitabu vichwani, kwa sababu shule yetu haina chumba cha kujikinga na kimbunga, nami nikawalalia wanane niliowaweza, na mmoja wao, Kaylee, akaniuliza kutoka chini ya kwapa langu, "Mwalimu, wewe ni mzito kuliko upepo?" nikamjibu, "Mzito kabisa," huku nasikia paa la ukumbi wa michezo linang'oka upande wa pili wa ukuta. Hakuna aliyeumia, kimbunga kiligeukia mashambani. Wazazi walipofika mbio wakiita majina ya watoto nikawaambia koridoni tulikuwa salama, maana nilitaka watulie.

Sasa itapigwa kura kodi iongezwe, tujengewe chumba cha zege, na kaka yangu Vernon, mjumbe wa bodi ya shule, anapinga, anasema wakulima wamechoka, tena maneno yangu anayatembeza mji mzima, na Jumapili tukila baada ya kanisa akaniambia, "Lorene, simama Jumanne useme ulichosema siku ile, basi."

Nikamwuliza, "Na wewe handaki la kujikinga na kimbunga nyumbani kwako umelichimba la nini?"

"Lile ni jasho langu, dada. Usichanganye mambo."

Mkewe akainamia sahani. Mshauri, baba alipofariki Vernon ndiye aliyenilea na kunisomesha ualimu, nikimpinga hadharani nitaitwa asiye na shukrani. Nifanyeje?

Lorene

Lorene, pole, na hongera. Kuwafunika watoto wanane kwa mwili mmoja si jambo dogo.

Ila tusidanganyane. Siku ile uliwatuliza watu waliokuwa na hofu, hilo nalielewa. Ukirudia maneno yale Jumanne, unajua fika unasema uongo, na safari hii kuna watoto watakaoulipia. Wala usijifiche nyuma ya shukrani. Kaka alikusomesha, hakukununua ulimi.

Usimvizie mkutanoni. Nenda kwake Jumamosi, umwambie uso kwa uso utakalosema. Kisha mpeleke shuleni, achutame pale pale koridoni, mgongo ukutani, akae hivyo dakika kumi na mbili. Mwache aseme mwenyewe kama angemweka mkewe hapo. Akinuna, anune, ndugu hununa wakapatana.

Kuhusu wakulima, hana kosa, na usiwadharau. Iambie bodi iombe jimbo libebe sehemu ya gharama, na chumba kitumike kila siku kwa masomo ya muziki, kisikae bure kikingoja upepo. Tena dai sheria: shule yoyote inayojengwa iwe nacho. Jambo la hiari huahirishwa hadi siku ya msiba.

Jumanne vaa viatu vyako vya kazini, sema mambo matatu: ulichosikia ukutani, ulichowaambia wazazi, na kwamba hakikuwa kweli. Kura hiyo inaweza kushinda; wazazi wanakusikiliza wewe kuliko bodi nzima. Ukimaliza, keti. Wakikugeukia, watazame machoni.