Kwa Baba, Uliyezika Mastaa Wote

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache, na ukweli ni kwamba hasira zetu hazijapoa. Mjomba alituandikia tangazo zuri la kumbukumbu: mume mwema, mlezi, nguzo ya familia. Mama akalisoma hadi mwisho. "Nguzo," akasema. "Nguzo ya nyumba ya nani?" Kwa hiyo tumeandika letu.

Ulikuwa fundi hodari wa kuchomelea, hilo hatukunyimi. Mageti yako yamejaa mtaa mzima, ingawa la kwetu lilifungwa kwa waya miaka kumi na moja. Na hukuwahi kumfukuza mtu karakanani, mradi akubali kukusikiliza. Walikuita Kikosi, kwa sababu uliweza kutaja wachezaji wote wa timu ya ujana wako, wa akiba pamoja nao, na nani aliumia goti mwaka gani. Sisi watoto wako watano ulitutaja kwa kubahatisha.

Vijana wa sasa hukutaka hata kuwasikia. "Hawa wanacheza nywele," ulisema. Kaka alipochaguliwa timu ya shule, ulikuja uwanjani, ukatazama dakika ishirini, kisha ukamwambia mwalimu wake mbele ya wenzake, "Huyu ndiye winga? Kizunguzungu angemvua bukta." Kizunguzungu alikuwa winga wa timu yako. Kaka aliviacha viatu palepale uwanjani. Leo ana miaka arobaini na tano, na mpira ukianza kwenye televisheni anatoka nje.

Kisha mastaa wako wakaanza kufa, nawe ukanunua suti ya kahawia. Ulizika beki, ukazika refa, ukazika hata mpiga gitaa aliyetumbuiza siku ya fainali. Hakuna hata mmoja aliyekujua. Ulipanda basi alfajiri, ukalia kuliko wafiwa, ukarudi umeinama kama mtu aliyebeba jeneza peke yake.

"Tunaisha," ulimwambia Mama ukivua viatu.

"Mnaisha akina nani? Wewe ulicheza namba ngapi?"

Ulikwenda kutazama mvi zako kwenye kioo cha kabati. Siku hiyo tulikuonea huruma, kidogo.

Huruma yenyewe iliisha Jumamosi aliyozikwa Bibi, mama yake Mama, aliyekupa mke wakati ndugu zake wote wanasema hufai. Saa ileile alikuwa anazikwa golikipa wako, Mikono ya Gundi. Ukamwambia Mama, "Bibi ana watu wengi. Yule mzee hana mtu." Ukapiga pasi suti, ukaondoka. Mama alimzika mama yake akiwa ameshikwa mkono na jirani.

Hukuomba radhi. Ulirudi na habari kwamba jeneza la golikipa lilifunikwa bendera ya timu. Mama alikupakulia chakula, na miaka sita iliyobaki alikujibu ulichouliza tu. Ulipofariki alikuzika kwa macho makavu. Watu wakasifu moyo wake wa subira, kumbe ni hasira. Tangu siku hiyo hajakanyaga kaburini kwako.

"Nitakwenda akija kuniomba radhi," alisema.

"Wifi, maiti haombi radhi," Shangazi akamjibu.

"Basi asingoje wageni."

Jumatatu iliyopita simu ililia. Alikuwa katibu wa wachezaji wa zamani. Kizunguzungu amefariki, wa mwisho wa kikosi kile, na atazikwa Jumamosi saa nane mchana. "Yule mzee wa suti ya kahawia atakuja?" akauliza. "Hajawahi kukosa. Kwenye daftari letu la rambirambi anaandika 'Kikosi' na namba hii tu." Hakujua kwamba umekufa. Kwenye mazishi yako hawakuja hata mmoja, na hatukuwalaumu, kwani wangekuja kwa nani?

Jumamosi hiyo, saa hiyohiyo, ndipo tulipopanga kuja kaburini kwako. Lakini Kaka, huyohuyo asiyetaka kusikia habari za mpira, aliitoa suti yako kabatini, akaivaa. Ilimkaa sawasawa.

"Vua," Mama akasema.

"Mama, ngoja niende nikamwakilishe. Yule mzee hana mtu."

Mama alikaa kitandani kama aliyesukumwa. Kaka mwenyewe akashtuka kusikia alichokisema. Ndipo Mama alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ufe, akilia na kukutukana pamoja, na sisi tukasimama mlangoni tusijue tumshike wapi.

"Na baba yenu Jumamosi ana nani?" akasema alipopata pumzi. "Nina hasira naye mpaka kwenye mifupa. Lakini alichonifanyia mimi, sitamfanyia. Hakuna anayekwenda kokote. Wote tunakwenda kwake, na mimi nikiwa mbele."

Kwa hiyo, Baba, Jumamosi saa nane uwepo. Usitutoroke kwenda kumpokea Kizunguzungu. Mama anakuja, na ana maneno ya miaka saba.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watano, wakwe zako, wajukuu tisa, dada yako na shemeji zako. Kukusahau tumejaribu, tumeshindwa.