Fromaji ya Mama Uliyonitumia

Liège

Mudogo wangu Zawadi,

Jambo sana toka huku kwa baridi. Muko aje hapo Mushaki? Papa analala muzuri? Ngombe ziko na majani? Miye mwili uko muzima. Roho njo haiko muzima, na sasa hivi utajua juu ya nini.

Zawadi, juzi nilisikia sauti yako mu programe.

Ile masomo ya ku telefone, inayofundisha watu wakubwa kushika mawazo mapema, mbele hayajageuka ugonjwa, si miye njo nilikusukuma uingie? Nilikuwa nasikia kama haulali. Nikakuambia saa ya mazungumuzo miye niko kazini, nasafisha masahani ya kantini. Lakini siku ile maji ilikatika, wakaturudisha nyumbani. Nikasema, basi na miye niingie. Sura zimefichwa, kila mutu na jina la kujipa. Nikaketi ku kitanda na chai yangu.

Yule mama anayeongoza akauliza: "Nani atatuambia kitu inamulemea?" Mutu mwenye kujiita Maua akameza mate kwanza. Nikashituka. Tangu utoto unamezaka mate vile, mbele ya kusema umevunja chungu.

Ukasema: "Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, iko Ulaya. Kila siku ya Mungu anauliza Mama, na miye namujibu Mama iko ku shamba, telefone yake iliharibika. Na Mama tulishamuzika. Simu ya yaya ikilia, natoka kwanza inje."

Yesu Maria! Chai ilimwangika ku magoti, sikusikia moto. Nilitaka kukuita, nikafinya vibaya, nikajitoa mwenyewe mu mazungumuzo. Mama yetu? Mama aliyenisindikiza mpaka Sake na mizigo yangu ku kichwa? Hata ile zoezi yao ya kupumua polepole nilijaribu. Pumzi ilikataa.

Nilikutukana, ee, peke yangu mu nyumba, kwa sauti. Kisha nikaelewa. Kwetu habari ya kifo haipite ku telefone. Inatafutwa kwanza mutu wa kuketi karibu na mufiwa, amukamate akianguka. Huku nani angenikamata? Mulinihurumia miye, na weye wakakubebesha bongo yote, ule uongo wote. Lakini kilio inafichwa mpaka wapi, mudogo wangu?

Basi iishe. Siku ya Mungu inayokuja, misa ikiisha, nitaita. Jirani yangu Mama Furaha, mutu wa Walikale, atakuja kunishika. Weka telefone katikati ya watu, fungula kamera, munifikishe pale mulimulaza. Utaniambia nini ilimubeba. Tutalia wote. Na programe usiiache, hata kama miye iliniua.

Salimia Papa, umwambie simukasirikie. Salimia bwana yako Bahati, na tantine Sifa anayetukamulia ngombe. Hapa njo nilizoea kuandika jina la Mama. Mukono ulienda wenyewe, nikaukamata.

Sasa uniambie kitu moja. Ile fromaji, jibini ya maziwa ya ngombe zetu, ilikuja na mufanya-biashara wa Butembo, ukasema Mama njo aliifanya. Niliikula nikicheza, nikaonjesha majirani wote: onjeni, huu ni mukono wa mama yangu! Nusu ingali mu frigo. Kumbe Mama alikuwa tayari mu udongo.

Ni weye uliifanya, Zawadi? Sikutofautisha mukono wako na wake. Hata kidogo.

Yaya yako anayekulilia,
Mapendo