Mabati ya Chekechea na Kiingereza Changu

Tezo, Jumamosi, Aprili 1986. Mvua asubuhi, sasa jua limerudi kama lililosahau kitu.

Kutoka hapa hadi Kikambala hakuna anayekijua Kiingereza kama mimi, Karisa. Wazungu wa mahotelini wakinisikia huona haya na kugeukia Kijerumani. Na niliacha shule kidato cha pili tu! Ningemaliza, ingebidi lugha yenyewe iongezwe maneno.

Msemo ninaoupenda kuliko yote ni "come into being". Ukiufasiri neno kwa neno unachekesha: kuja katika kuwa. Maana yake, kitu hakikuwapo, sasa kipo. Hausemwi kwa kitu kinachotarajiwa. Ni wa kitu kilichokwisha kuwapo. Darasa zima ni mimi peke yangu niliyeelewa.

Basi kina mama wa kijiji walipotaka kuomba mabati ya chekechea ofisi ya tarafa, nani mwingine angeandika barua? Mama yangu yumo kundini. Kuta wamezikandika wenyewe, udongo mpaka viwikoni. Paa tu ndilo lililobaki.

Mwenyekiti wao, Mama Dama, alinitania, "Haya mzungu wetu, hicho Kiingereza kitatuezekea?"

"Mama, wakisoma hii wataleta mpaka mabati ya choo!"

Nikashusha kurasa mbili. Mimi si mtu wa kulialia, kwa hiyo nilianza kwa fahari: chekechea ya Tezo "has come into being". Nikaurudia msemo mara tatu, kwa utamu wake.

Jana jibu likafika. Kina mama wakakaa kwenye kivuli cha ukuta, wakanipa nisome. Ofisi inatupongeza mno kwa bidii yetu. Na kwa kuwa chekechea yetu tayari ipo, mabati yamepelekwa kijiji ambacho bado hakina.

Niliwasomea pongezi peke yake.

Wakapiga vigelegele. Mama akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Huyu nimemzaa mimi!"

Leo baada ya mvua nimepita pale. Ukuta mmoja umeanza kumomonyoka, na alama za vidole vya Mama zimefutika kwenye udongo.

Barua yangu haikuwa na kosa hata la nukta, naapa. Ila niliandika chekechea ipo, nami nilijua haipo. Na Mama ameniuliza mara mbili tangu asubuhi mabati yanakuja lini.