Baba Yuko Foleni

Ngamiani, Tanga
12 Novemba 1987

Mpendwa dada Tuhfa,

Shikamoo, dada yangu. Natumai barua hii itakukuta hapo Wete u mzima wa afya, wewe, shemeji na watoto. Mimi kiwiliwili sijambo. Ya moyoni utayasoma hapa chini. Mama anakula vizuri na anakuulizia. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba unakuja mwezi ujao, na kwamba utatuletea sukari kama miaka ile ya uhaba. Ngoja kwanza nikueleze.

Tangu urudi Pemba, baada ya kumtoa mama eda ya marehemu baba, kichwa chake kimezidi kupotea. Asubuhi moja aliniuliza baba yuko wapi. Mimi na ukaidi wangu wa kisomi nikamwambia baba amefariki. Si ndiyo kazi yangu? Miaka yote chuoni nimefundisha falsafa na saikolojia, na shahada ya udaktari niliiandikia huzuni: kwamba aliyefiwa aambiwe kweli, ndipo apoe. Wallahi, dada, mama alipiga ukelele majirani wakajaa uani. Akavua bangili, akaosha wanja, akavaa nguo za eda, akaingia ndani. Bi Najat wa nyumba ya pili alikuja kumpa mkono wa pole upya, masikini, na machozi yakamtoka kweli. Kesho yake mama akauliza nani kafa hata yeye amevaa eda. Nikamwambia tena. Tukaanza upya.

Nilifungua vitabu vyangu vyote, sikuona cha kumfaa. Hospitali wakasema ni uzee tu, nirudi naye nyumbani.

Siku moja, kabla sijafungua mdomo, alijijibu mwenyewe kwamba bila shaka baba yuko foleni ya sukari, duka la ushirika. Nami nikasema ndiyo, yuko foleni. Basi akacheka, akasema mzee yule miguu itamuuma, akampakulia chakula chake na kukifunika kawa. Tangu hapo ndivyo tunavyoishi.

Lakini siku hizi, dada, foleni ziko wapi? Maduka yamejaa sukari na sabuni, mitumba mpaka barabarani. Kwa hiyo simtoi mama nje, na majirani nimewaomba wasimwambie kwamba foleni zimekwisha. Mgeni akija na sukari naificha chini ya kitanda changu, na chai tunainywa bila sukari. Daktari mzima wa falsafa! Ungeniona ungecheka, mimi nimeshindwa.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Chuo kiliniita nikaongoze idara, kiti nilichokitamani tangu nirudi masomoni. Nimekataa, na kazi yenyewe nimeiacha. Usinikaripie. Nani mwingine atamwambia mama kila jioni kwamba foleni bado ndefu? Najua nasema uongo, na najua hatapona. Sina la kufanya, dada.

Jana alinituma nikampokee baba zamu, naye apate kupumzika. Nikatoka, nikazunguka mji mpaka magharibi, nikarudi mikono mitupu. Mama akanipa pole.

Msalimie sana shemeji, watoto wabusu wote. Njoo, dada, nakuhitaji mno. Ila sukari iache huko huko.

Nduguyo,
Idarusi Miraji