Kwa Baba, Mwenyekiti wa Chama cha Lifti

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoketi kwenye ngazi za ghorofa ya tano upumzike kidogo, mfuko wa vitunguu mkononi, na hukuinuka tena. Mama alikuwa ghorofa ya saba anakusubiri. Alisikia kikohozi chako kikipanda, akawasha jiko.

Ulikuwa fundi wa lifti maisha yako yote, na ukaishi kwenye jengo lisilo na lifti. Tulikutania sana kwa hilo, nawe ulicheka kutushinda. Ulikuwa mpole, Baba. Ulipiga hodi hata kwenye chumba chako mwenyewe. Pasi za majirani ulizitengeneza kabla hawajakuomba, na ukila kwa watu ulisifia chumvi, kwa kuwa hukujua kingine cha kusifia.

Magoti ya Mama yalipogoma, utani uliisha. Tulimbeba mara moja kwenye kiti, sisi, shemeji zake na kinyozi wa pale chini. Kwenye kona ya ghorofa ya nne kiti kikainama, Mama akapiga ukelele ambao jengo zima linaukumbuka mpaka leo. "Nirudisheni! Mimi si gunia!" Tangu siku hiyo hajashuka. Tulitafuta nyumba ya chini mpaka tukachoka. Nyumba za chini, bei zake ziko juu.

Ndipo ukaanzisha chama. Wewe mwenyekiti, kinyozi katibu, na ofisi ni kiti chake cha kunyolea. Watu walidhani ni mzaha. Ulipanda juu ya kreti ya soda ukapaza sauti, "Juu!" nao wakaitikia, "Na chini!" Wajawazito waliitikia, wabeba maji waliitikia, na wazee waliitikia kutoka madirishani maana hawakuweza kuja mkutanoni. Ukiulizwa habari za barabara ulijibu, "Mimi nimetumwa lifti." Walicheka, lakini kura walikupa. Siku uliyoingia baraza la mji ulivaa koti la kuazima, mikono yake imemeza vidole vyako. Mama alikupungia dirishani mpaka ukapotea.

Sheria yako ikapita. Uliiandika kwa mkono wako, na sote tuliikariri: kila jengo linalozidi ghorofa nne liwe na lifti. Basi. Hukuandika kwamba lifti hiyo itembee. Wala halikukujia akilini, kwa sababu kwako lifti isiyotembea haikuwa lifti. Tangu tukiwa wadogo ulikuwa ukiiita kabati.

Mwenye nyumba aliisoma sheria yako vizuri kuliko sisi. Akaweka milango inayong'aa kila ghorofa, na vitufe vyenye taa, na pale chini akasimamisha sanduku zuri lenye kioo. Mama alivaa viatu vyake vya kutokea, akabonyeza kitufe. Tukangoja. Akabonyeza tena, akatengeneza mtandio wake, akangoja. Wewe ukapanda mpaka chumba cha mashine, ukakikuta kitupu. Hakuna mota, hakuna kamba. Kilichoharibika ungekitengeneza, lakini pale hapakuwa na cha kutengeneza. Uliporudi ulimshika mkono. "Twende ndani, bibie. Hilo ni kabati."

Mkaguzi alikuja, akafungua mlango wa chini, akachungulia. "Lifti ipo," akasema, akaenda zake.

Ukarudi barazani kuomba neno moja tu liongezwe. Wenzako wakakushangaa: "Mheshimiwa, si mlishapewa lifti yenu? Mnataka nini tena?" Hata wanachama walianza kukukwepa. Wa majengo mengine walikuwa na lifti zinazotembea, wakasema wameshashinda, kazi imekwisha. Uchaguzi uliofuata, waliokupigia kura wangeenea kwenye benchi la kinyozi. Hicho ndicho kilichotuuma, Baba. Chama chako hakikushindwa na mtu. Kilishinda, kikafa.

Wewe uliendelea kupanda ngazi na mboga za Mama, ukipumzika kila ghorofa, ukisema limebaki neno moja tu. Tulikwambia uache, tutabeba sisi. Hukusikia la mtu.

Siku ya mazishi tulikupandisha kwanza, Mama akuage. Wakati wa kukushusha jeneza lilikwama kwenye kila kona, ikabidi lisimamishwe wima, na wewe ulichukia mambo ya ovyo ovyo. Mama alisimama mlangoni amevaa vile viatu. "Tangulia, Fundi," akasema. "Mimi nitakuja na lifti." Kaburi lako hajaliona. Tuna hasira, Baba, na kidogo ni juu yako, kwa lile neno moja ulilosahau.

Wanaokukumbuka ni mke wako, aliye dirishani, sisi wanao watatu na wenzi wetu, wajukuu zako, wanaopigiana kelele za "Juu!" na "Na chini!" kwenye ngazi bila kujua maana yake; na katibu wako kinyozi, ndiye chama chote kilichobaki. Daima tutakukumbuka.

Kwa kuwa Mama hawezi kufika kaburini, tutakutana nyumbani. Ndugu, jirani na marafiki wote mnakaribishwa, ghorofa ya saba.

Lifti ipo.